Mama Mawingu na Tundu Lililohama

Asubuhi hiyo ya Jumatatu Mama Mawingu aliwasha kompyuta yake, akafungua mchoro wa ghorofa ya pili, akaiambia programu ilinganishe faili la leo na lile walilotuma kwenye jengo wiki iliyopita, na skrini nzima ikawa kijani. Si kijani cha hapa na pale. Kijani toka pembe hadi pembe, kama uwanja wa mpira. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. Kijani vilevile.

"Nani," akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "nani ameshika faili langu?"

Chumba kilikuwa na meza tatu, printa kubwa ya michoro iliyojinyoosha kando ya ukuta, na watu wawili tu. Wa pili alikuwa mchoraji mwenzake waliyembandika jina la Kimya, kwa sababu tangu aajiriwe hajawahi kunyamaza. Leo, kwa mara ya kwanza, jina lilimkaa sawasawa. Aliinamia droo yake akajifanya anatafuta kitu.

"Kimya, naongea na wewe."

"Mimi? Mimi niko na madirisha tu, Mama. Madirisha na mimi, mimi na madirisha. Sijagusa, sijaona, hata ukiniamsha usingizini nitakwambia hivyohivyo. Lakini..." Akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa ndani, wa bosi wao. "Mzee alikuwa hapa jana, Jumapili yote. Alisema anasafisha faili."

Anasafisha! Mama Mawingu alihisi damu ikimpanda hadi masikioni.

Sasa, ili uielewe hasira ya mwanamke huyu, lazima kwanza uielewe kazi yake, ambayo hata mumewe, miaka yote hii ya ndoa, bado huieleza kwa wageni kwa kusema, "Mke wangu anachora nyumba." Hachori nyumba. Nyumba anazichora Mzee, msanifu mwenye ofisi, mtu anayebuni roshani akiwa anaoga. Kazi ya Mama Mawingu ni kujua kilichobadilika. Maana mchoro wa jengo hautulii kama picha ya harusi ukutani. Leo mlango uko huku, kesho umehamia kule. Mwenye jengo ameona choo cha jirani, naye anataka kama kile. Mhandisi amelala akaamka na wazo la kunenepesha nguzo. Kila faili jipya likitoka, lazima mtu mmoja akae chini aseme: hiki ni kipya, hiki kimesogea, hiki kimefutwa. Kisha kila kilichoguswa kinazungushiwa wingu, mstari wa vibonyebonye kama wingu linavyochorwa na mtoto wa chekechea, na kando yake zinaandikwa herufi za jina la aliyekigusa. Fundi kule kwenye jengo hana nafasi ya kukagua mistari maelfu kwa maelfu huku vumbi likimwingia puani. Anatafuta mawingu. Penye wingu anasimama na kuuliza. Pasipo na wingu anajenga kama alivyojua jana.

Hapo ndipo lilipotoka jina lake, nalo lilianza kama kejeli. "Weka wingu," anasema, kutwa kucha, kwa yeyote anayepita na mausi ya kompyuta mkononi. Hata nyumbani. Mama mkwe wake akihamisha sufuria kutoka kabati la chini kwenda la juu bila kumwambia mtu, Mama Mawingu husimama katikati ya jiko mikono kiunoni na kuuliza, "Wingu liko wapi?" Mama mkwe humjibu kwamba yeye amehamisha sufuria tangu kabla mtu fulani hajazaliwa, na mjadala huishia hapo.

Mama Mawingu alianza kazi enzi za kalamu ya wino na karatasi ile nyeupe inayopitisha mwanga. Wakati huo ukitaka kuondoa ukuta ulichukua wembe ukaukwangua, polepole, ulimi nje, usije ukatoboa. Ukuta ukaondoka, lakini karatasi ikabaki na kovu. Ungeweza kupitisha kidole juu ya mchoro na kusema, hapa palikuwa na kitu. Kompyuta haina kovu. Ukuta unahama bila jasho, na mahali pake pa zamani panabaki peupe kana kwamba hapakuwahi kuwa na chochote. Ndiyo maana walipoletewa programu ya kulinganisha mafaili alikaribia kuipigia vigelegele. Programu ile inaujua kila mstari kwa namba yake ya siri, kama mama anavyomjua kila mtoto wake hata wakivaa sare. Mstari mpya inaupaka kijani, uliosogezwa njano, uliofutwa nyekundu, na usioguswa inauacha kijivu. Mtu anakunywa chai yake akitazama njano.

Lakini Mzee, kwa busara zake, alikuwa amekopi mchoro mzima na kuupesti kwenye faili jipya. Kila mstari ukazaliwa upya, na namba mpya. Programu ikauangalia umati ule, haikumtambua hata mmoja, ikawapaka wote kijani. Kila kitu kipya! Kuta za tangu mwaka jana, nguzo ambazo tayari zimesimama kule na kunguru wanazitulia, eti mpya.

Na leo haikuwa siku ya kufanyiwa mchezo. Leo mchana zege la sakafu ya ghorofa ya pili lilikuwa linamwagwa. Jengo lenyewe lilikuwa bweni la wanafunzi, na fundi mkuu wake alikuwa kaka yake Mama Mawingu, tumbo moja, ziwa moja.

Huyu kaka alikuwa ameshaumwa na nyoka wa aina hii. Miezi michache nyuma alijenga ngazi ya mbele kama ilivyochorwa, ngazi nzuri, ukipanda unajisikia mtu. Baadaye ikagundulika kwamba Mzee alikuwa ameigeuza ikaelekea upande mwingine, kwenye faili, bila wingu, bila neno. Ngazi ikavunjwa kwa nyundo mbele ya vibarua wote. Mwenye jengo alikuwa na msimamizi wake pale, mwanamume mkavu asiyecheka hata akitekenywa, naye akauliza kosa ni la nani. Mzee akasema, "Mchoro ulibadilika. Fundi hakuangalia vizuri." Basi. Maneno mepesi, lakini yalimwangukia kaka kama tofali. Msimamizi akamwambia mbele za watu kwamba kosa moja tena tu, afungashe vifaa vyake aondoke. Na kaka ana watoto shuleni na magoti mabovu. Kwa umri ule nani atampa jengo lingine?

Tangu siku hiyo Mama Mawingu alitangaza sheria ofisini, na hakuna aliyethubutu kuipinga kwa sababu alikuwa ameshika rula ya chuma wakati anaitangaza. Atakayebadilisha kitu bila kuweka wingu, atapiga simu mwenyewe kwa fundi, sauti imefunguliwa kila mtu asikie, na kusema kwa kinywa chake: ni mimi. Kimya alishaitumikia sheria hiyo mara mbili, kwa madirisha, na mara zote mbili alieleza mpaka fundi akakata simu. Mzee hajawahi hata mara moja. Mzee husema, "Bosi habadilishi, bosi anaboresha."

Basi Mama Mawingu akainuka, akagonga mlango wa ndani, akaingia kabla hajakaribishwa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Umeliona faili?" Mzee alikuwa amejaa furaha, kikombe mkononi. "Lilikuwa limejaa takataka. Mistari juu ya mistari. Nimekusafishia, mama. Sasa linafunguka haraka kama nini."

"Umebadilisha nini ndani yake?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Mzee akatazama dari. "Labda mti."

"Mti."

"Pale mbele palikuwa pamekauka sana."

Lo! Mama Mawingu alifunga macho. Mzee na miti yake! Mtu amepewa kuchora bweni, anachora msitu. "Mzee," akasema, "leo mchana wanamwaga zege. Siwezi kutuma mchoro ambao sijui kilichoguswa. Nitaukagua kwa macho, mstari kwa mstari. Na nikikuta kitu kimesogea, sheria ni ileile."

"Kagua, kagua," akasema Mzee. "Lakini unajisumbua bure."

Mama Mawingu akatoka akinung'unika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Kimya alisikia, akacheka ndani ya droo.

Alijaribu kwanza kuyalaza mafaili mawili moja juu ya jingine kwenye skrini, lakini Mzee alikuwa amebadilisha rangi na unene wa mistari yote, "ili ipendeze," na ilikuwa kama kutafuta unywele mweusi kwenye mkeka mweusi. Macho yakamwuma. Akakata shauri. Akazichapa karatasi mbili kwenye printa kubwa, ya wiki iliyopita na ya leo, akaenda nazo dirishani, akazibandika kwenye kioo kwa gundi ya karatasi, moja juu ya nyingine, jua likapita katikati yake. Njia ya kale. Akaanza pembe ya juu kushoto na kidole.

Hakuwa amefika mbali simu ikalia. Kaka.

"Dada, mchoro vipi? Magari ya zege yameshaagizwa. Huyu bwana msimamizi yuko hapa anatembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga."

"Usimwage hata ndoo moja mpaka nikwambie. Mzee amelichafua faili."

"Amelichafua vipi?"

"Amelisafisha!"

Kaka akashusha sauti. "Aa, wewe tuma tu. Mimi jengo langu nalijua."

"Hata ngazi uliijua," akasema Mama Mawingu, kisha akajuta. "Kaka, nisamehe. Lakini ni wewe utakayefukuzwa, si wao. Niache nitafute."

Akarudi dirishani. Mti mmoja. Akauzungushia wingu kwa kalamu nyekundu, kwa hasira, mpaka karatasi ikatoboka. Mti wa pili. Mti wa tatu! Labda mti, eti! Mlango wa stoo ulikuwa unafunguka ndani, sasa unafunguka nje, wingu. Benchi limeongezwa kwenye korido, la kukalia nani, haijulikani, wingu. Kwa kila alichokikuta alizidi kuwa na hakika kwamba yule mtu wa ndani ameparamia mchoro wote kama mbuzi aliyeingia bustanini. Jumamosi yeye mwenyewe aliliacha faili likiwa safi. Alikumbuka vizuri kwa sababu alikuwa wa mwisho kutoka, mkoba begani, simu sikioni, mama mkwe akimsubiri stendi na mizigo na maneno yake.

"Kula kidogo, Mama," akasema Kimya, akimsogezea kikombe cha chai na mkate. "Mimi mjomba wangu alikuwa hivihivi, hasira na njaa, njaa na hasira, siku moja akaanguka pu, na wala hakuwa mgonjwa, ni tumbo tu..."

"Kimya."

"Ndiyo Mama."

"Nyamaza."

Chai ikapoa. Kidole kikashuka vyumba vya kulala, kimoja baada ya kingine, vyote sawa. Kikafika vyooni. Na hapo kikasimama.

Kwenye sakafu ya vyoo kulikuwa na tundu la mraba, la kupitishia bomba la maji machafu kushuka chini. Kwenye karatasi ya wiki iliyopita lilikuwa kando ya ukuta wa ndani. Kwenye ya leo lilikuwa limesogea. Si sana, upana wa mkono tu, lakini kwenye kioo yalionekana matundu mawili yaliyopandana nusu kama mtu anayechungulia nyuma ya mwenzake. Wingu, hakuna.

Hili halikuwa mti. Bomba la maji machafu linashuka wima, ghorofa hadi ghorofa, halijui kona. Mama Mawingu akakimbilia kompyuta akaangalia ghorofa ya kwanza na ya tatu. Huko matundu yalikuwa palepale pa zamani. Ghorofa ya pili peke yake ndiyo iliyohama. Wangemwaga zege leo, likakauka likawa jiwe, halafu fundi bomba angekuja na bomba lake akakuta sakafu nzima imemziba. Wangetoboa zege jipya kwa mashine, msimamizi angeuliza kosa ni la nani, na kaka angefungasha vifaa.

"Nimelipata!" akapaza sauti. Akazing'oa karatasi dirishani, akaingia nazo kwa Mzee bila hata kugonga, Kimya nyuma yake maana mambo kama haya hayakosi. Akazitandaza juu ya meza, juu ya kikombe, juu ya kila kitu.

"Nani kasogeza tundu hili?"

Mzee akainama. Akatazama karatasi ya juu, akaifunua, akatazama ya chini. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. Mtu huyu ana mambo yake, lakini kazi anaijua. Hakuhitaji kuelezwa kuhusu bomba.

"Zege ni leo?"

"Leo hii. Nani kasogeza?"

Mzee akakaa. Akasugua paji la uso. "Huenda ni mimi," akasema.

Mama Mawingu alidhani amesikia vibaya.

"Nilipokuwa napesti. Mkono uliteleza labda. Nani mwingine, mama? Ni mimi niliyeshika faili." Kisha akafanya jambo ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuliona. Akavuta simu yake, akatafuta jina la fundi, akabonyeza, akafungua sauti, akaiweka katikati ya meza. "Sheria ni sheria," akasema. "Ya ngazi nilikwepa. Hii sikwepi."

Simu ikaanza kuita.

Kimya alikuwa ameachama. Mama Mawingu alisimama pale, moyo ukimcheza kwa furaha ya ushindi. Siku yake imefika! Akaishika tena karatasi aitazame, kama mtu anavyotazama zawadi. Tundu limetoka ukutani, limesogea kuelekea dirishani. Upande wa dirisha.

Upande wa dirisha.

Maneno hayo hayakumjia kwa sauti yake. Yalimjia kwa sauti ya kaka yake. "Dada, tundu la bomba linaniangukia juu ya boriti. Nisogezee kidogo upande wa dirisha. Kitu kidogo tu, usimsumbue Mzee." Jumamosi. Mkoba begani, simu sikioni. Hakuvuta hata kiti. Aliinama, akalisogeza, akasevu, akazima. Wingu ataweka Jumatatu. Kwani ni nani atakayepita hapo katikati? Akamkimbilia mama mkwe stendi, na jambo lenyewe likamtoka kichwani lisiache hata kovu.

Simu ikaita tena.

Mungu wangu. Ni yeye. Mwenye sheria, mwenye rula ya chuma, mwenye midomo mirefu ya 'wingu liko wapi'. Uso ulimwaka kwa aibu. Na tuseme ukweli, kitu cha kwanza alichofikiri hakikuwa kizuri. Alifikiri, nyamaza. Mzee amejitwika mwenyewe, mwache auchukue huo mzigo. Si alimtwisha kaka ule wa ngazi? Huu ni wa kulipia. Ukisema ni wewe, watauliza nani alikuomba, na nani alikuomba ni kaka, na kaka amebakiza kosa moja. Damu yako mwenyewe. Nyamaza tu.

"Haloo?" Sauti ya kaka, na nyuma yake kelele za mashine ya kuchanganyia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi, uko na nani?"

"Niko na bwana msimamizi hapa, anasikia."

"Vizuri. Tundu la bomba, ghorofa ya pili. Limekaa vibaya kwenye mchoro. Ni mimi nililisogeza kwa bahati mbaya, na sikuweka wingu. Usimwage."

Mama Mawingu alijua kaka yuko pale anahesabu, kama anavyohesabu yeye.

"Haya, Mzee," kaka akasema. "Si neno. Hutokea."

Hutokea! Mama Mawingu aliitambua sauti hiyo. Ndiyo sauti aliyoitumia kaka utotoni alipovunja kioo cha kabati kwa mpira na paka akapigwa ufagio. "Si neno, paka hawa wana mambo yao." Alikuwa anamwacha Mzee apigwe ufagio. Na dada mtu amesimama hapa karatasi mkononi, anamwacha pia. Ikamkera. Ikamkera kuliko kijani chote cha asubuhi, na safari hii hakuwa na mtu wa kumkaripia isipokuwa nafsi yake.

"Si Mzee," akasema.

Mzee akainua kichwa.

"Nani huyo?" Hiyo ilikuwa sauti nyingine kwenye simu, kavu, ya msimamizi.

"Mchoraji. Tundu nililisogeza mimi, Jumamosi, kwa mkono wangu. Ghorofa zingine sikuzigusa. Wingu sikuweka. Ni mimi."

Kimya akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nani alikuambia ulisogeze?" akauliza msimamizi.

Hapo Mama Mawingu alifunga mdomo. La kwake amelisema. La kaka lilikuwa la kaka, na hakuwa tayari kumsukuma shimoni kwa mkono wake. Simu ikanguruma kwa kelele za mashine. Halafu mashine ikazimwa, na kwenye ule utulivu kaka akavuta pumzi mpaka wakaisikia mezani.

"Ni mimi nilimwomba, bwana," akasema kaka. "Tundu linaangukia kwenye boriti. Nilimpigia nje ya utaratibu. Na sanduku la mbao la kuzuia zege lisilizibe tundu nimeshalipigilia, hilo hapo unaliona."

"Kwa hiyo ni la pili," akasema msimamizi. "Ngazi, na sasa tundu. Fundi, nilikwambia nini siku ile?"

"Uliniambia, bwana."

Mama Mawingu alishika ukingo wa meza. Macho yalimjaa machozi, na ya hasira pia yalikuwamo, kwa kaka, kwa mama mkwe na stendi yake, kwa mkoba uliokuwa begani. Kumbe kazi ya wingu moja tu! Kumbe ni kuketi tu!

Mzee alikuwa akiitazama simu kana kwamba imemwita kwa jina. Kisha akaivuta karibu.

"Bwana msimamizi," akasema, "la pili siyo. Ngazi haikuwa yake. Fundi alijenga vilevile nilivyomchorea. Niliigeuza mimi baada ya yeye kuanza, sikuweka wingu, na ulipouliza nikamtupia yeye. Kwa hiyo kama unahesabu, fundi wako ana moja, na mimi nina moja."

Kule kwenye jengo mtu alikohoa.

"Hayo maneno," akasema msimamizi hatimaye, "ungeyasema siku ile, watu wasingevunja heshima ya mtu pamoja na ngazi."

"Ni kweli."

"Leo zege halimwagwi. Nataka mchoro wenye mawingu yote, vyoo vya ghorofa zote, na boriti hiyo aje mhandisi aione. Fundi, waambie watu wako wang'oe hilo sanduku. Mtamwaga mkishakuwa tayari." Simu ikakatwa.

Mtamwaga. Mama Mawingu alilirudia neno hilo moyoni. Amesema mtamwaga, hakusema watamwaga. Akajiketisha kwenye kiti cha wageni bila kuambiwa.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema Kimya taratibu.

"Malizia nikukate ulimi," akasema Mama Mawingu, na Kimya hakumalizia.

Akarudi mezani kwake. Safari hii alivuta kiti, akaketi. Akafungua vyoo vya ghorofa ya pili, akachora wingu kuzunguka tundu, na kando yake akaandika herufi za jina lake, zilezile ambazo kwa miaka alikuwa akiwalazimisha wenzake waandike za kwao. Hazikumpendeza hata kidogo pale. Simu yake ikatoa mlio. Ujumbe wa kaka: "Dada, paka hakupigwa leo." Akausoma mara mbili, akafuta pua.

Alipogeuka, Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Likuze kidogo," akasema Mzee. "Fundi asije akalipita."

Akalikuza.

"Una faili la ile ngazi? La zamani?"

Ngazi ilivunjwa, ikajengwa upya, watu wanapanda na kushuka kila siku. Hakuna fundi yeyote duniani anayeuhitaji mchoro ule. Mama Mawingu hakuuliza. Akalitafuta, akalifungua, akainuka, akampisha kiti. Mzee akaketi, akashika mausi, akaisogeza ngazi kushoto na kulia kwenye skrini. Akatazama vitufe vya juu. Akatazama vya pembeni. Akaanza kubonyeza ovyo, kikajitokeza kiboksi, akakifunga, kikajitokeza kingine. Mama Mawingu akangoja, mikono kiunoni, mpaka akaelewa, na alipoelewa hakujua acheke au alie.

"Mama," akasema Mzee bila kugeuka, "kitufe cha wingu kiko wapi?"